Sifa za Miksini

Nguru husifiwa kwa minofu yake na pomboo kwa madaha yake, wala hao hawahitaji tena wakili. Mimi nimeona ni insafu kumtetea samaki asiye na taya, asiye na magamba, asiye na uti wa mgongo uliotimia, ambaye Linnaeus, bingwa wa kuwapa viumbe majina, alipomwandika daftarini mwaka 1758 alimhesabu miongoni mwa minyoo. Jina lake miksini. Makazi yake ni matope ya bahari ya baridi, toka pwani za Norwe hata Ghuba ya Maine huko Marekani, ambako hujizika akaacha pua tu nje, akangoja riziki kwa subira ambayo mawalii wangeihusudu, maana aweza kukaa miezi kadhaa bila ya kula.

Riziki yenyewe aghalabu ni maiti. Nyangumi akifa akazama, miksini huwahi mazishini, tena haridhiki kusimama nje na waombolezaji wengine, bali humwingia marehemu kwa tundu lolote alipatalo, akamla toka ndani, huku ngozi yake nayo ikifyonza chakula, karama ambayo walafi wetu wa karamuni hawajajaliwa. Wavuvi humlaani, kwani wavutapo mishipi hukuta samaki wao amebaki ngozi na mifupa, na mlaji yumo tumboni, ameshiba. Lakini haki na isemwe: nani mwingine amsafishiaye mvuvi samaki wake asidai ujira?

Fahari yake kuu, hata hivyo, ni ute. Ubavuni mwake zimepangwa tezi, na mara aumwapo au ashikwapo hutoa majimaji machache yenye nyuzi nyembamba mno, ambayo yakikutana na maji ya bahari hufura kufumba na kufumbua, hata ndoo nzima ikawa kama uji uliogoma kumiminika. Papa, ambaye wanadamu humtetemekea, alionekana kwa kamera zilizozamishwa katika bahari ya New Zealand akiachama na kutapatapa, matamvua yamezibwa, na miksini akiendelea na shughuli zake kana kwamba hakuna aliyemgusa. Wafalme wangapi wamemaliza hazina zao kwa kujenga ngome zisizofikia nusu ya ute huu! Naye, ili asizame katika silaha yake mwenyewe, hujipiga fundo mwilini, akalipitisha fundo hilo mpaka kichwani likampangusa, kisha akapiga chafya kwa tundu lake moja la pua, na sioni haja ya la pili.

Wakorea humla, na ngozi yake hushonwa pochi zikauzwa kwa jina la ngozi ya mkunga, dhuluma ambayo hajaishtaki. Mwaka 2017 lori lililobeba tani zaidi ya tatu za jamaa zake wa Pasifiki, waliokuwa safarini kwenda Korea, liliwamwaga katika barabara kuu ya Oregon, magari yakafunikwa ute, ikabidi tingatinga liletwe kuukomba. Ukoo wake umeacha alama katika mawe yenye umri wa miaka milioni 300 hivi, na umbo la siku hizo halikuachana mbali na la leo. Mwenye kuona kwamba lahitaji kusahihishwa, na alete lake.