Jiko Linapolia: Mwongozo kwa Mwenye Nyumba

Vinavyohitajika: panga, jembe, ngazi, mizigo ya nyasi, karai la udongo wa kichuguu, na mwanamume mmoja mwenye nyumba. Vile vitano vya mwanzo hapa Milola vinapatikana bila taabu. Huyo wa sita mtafuteni mapema, kabla mvua hazijaanza, kwa sababu zikishaanza huwa barazani na hasikii akiitwa.

Mkimpata, mtieni jikoni siku mvua inanyesha kwelikweli, mkabidhini mwiko, asonge ugali wa watu sita. Simtanii. Nimeona nyumba ambayo tone moja likianguka kitandani, fundi huitwa jioni ileile. Lakini jiko la nyuma ya nyumba hiyohiyo huvuja misimu mitatu na hakuna anayenyanyua ngazi, kwa kuwa hakuna anayelala humo. Anayekesha humo ni mama, kanga kichwani, sufuria moja motoni na nyingine sakafuni inakinga maji. Hii si haki, na ndiyo sababu mwongozo wangu unaanzia kwenye mwiko. Mtu aliyewahi kupuliza moto uliolowa huku machozi yanamtoka hatauliza tena kama paa la jiko linaweza kusubiri mauzo ya korosho.

Akishatoka humo, macho mekundu, mwulizeni: maji yanatoka wapi? Jiko moja huweza kulia kwa macho matatu, yaani paa, sakafu na kuni zenyewe.

Tuanze juu. Mvua ya milimita 1 ikianguka kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Kwa hiyo jiko la mita 3 kwa 3, usiku wa mvua ya milimita 50, linabebeshwa lita 450. Hizo ni ndoo 22 za lita 20, na nusu ya nyingine juu yake, zote zinatafuta njia ya kushuka, na mafiga yamekaa katikati yanazingoja. Sufuria ya kukingia haiwezi vita hiyo. Kinachoiweza ni mwinuko. Paa la nyasi lililolala huyafanya maji yatembee polepole. Nyasi huyanywa, zikishayanywa huoza, zikioza huvuja. Mwinuko mzuri ni wa nyuzi 45, na hauhitaji chombo cha kuupimia: kama kutoka katikati ya jiko hadi ukutani ni hatua 2, basi mwamba wa juu uwe hatua 2 juu ya ukuta. Nyasi ziezekwe kwa unene wa shubiri nzima, na zile za mgongo wa paa, mahali pande mbili zinapokutana, ziongezwe na kufungwa kwa nguvu, maana hapo ndipo upepo huanzia kufunua.

Kutafuta tundu ni kazi ya adhuhuri, jua likiwa utosini. Ingia jikoni, funga mlango, ziba dirisha kwa gunia, kaa gizani mpaka macho yazoee, kisha tazama juu. Kila nyota utakayoiona ni tundu. Chomeka bua la mtama katika kila nyota ili aliye nje na ngazi alione likichungulia. Ila usidanganyike na mahali tone linapoangukia: maji huingia juu, yakatambaa kwenye fito au kombamoyo, ndipo yakadondoka mbali na mlango wao. Fuata mti uliolowa kwenda juu, usifuate shimo lililochimbwa na tone chini.

Na moto wenyewe ni mlinzi wa paa. Moshi hukausha nyasi na kufukuza wadudu, ndiyo maana paa la jiko linalopikiwa kila siku huwa jeusi kwa masizi lakini gumu. Moto ukizimwa na maji wiki nzima, nyasi hukosa moshi, huoza upesi zaidi, na maji huongezeka. Tundu dogo lililoachwa Desemba huwa dirisha ifikapo Machi.

Waliokwisha kuezeka bati wasijione wameokoka. Bati lina tabia ya kutoa jasho: mvuke wa sufuria hupanda, hukutana na bati lililopozwa na mvua, hurudi kuwa maji na kudondoka kwenye mboga, bila tundu lolote. Utapaka lami paa zima na bado litadondosha. Dawa yake ni upenyo wa hewa chini ya mgongo wa paa, uliofunikwa ili mvua isiingie, au dohani kama unaiweza. Na kama ni tundu kweli, kagua misumari kwanza. Msumari hupigwa juu ya mgongo wa wimbi la bati. Ukipigwa kwenye mfereji, mahali maji yanapopita, umeyatobolea mlango kwa mkono wako.

Sakafu haina maneno mengi. Kama mafiga yamekaa chini kuliko uwanja wa nje, maji yatayafuata, na hayahitaji tundu la paa. Chimba mtaro kuzunguka jiko, uelekee bondeni. Inua meko kwa mawe na udongo wa kichuguu, shubiri moja au zaidi, uuache ukauke kivulini siku kadhaa kabla ya kuwasha moto mkali, la sivyo utapasuka.

Sasa kuni, na hapa naomba utulivu, kwa sababu wengi huilaumu mbingu bure. Paa zima, sakafu kavu, na bado jiko linalia: tazama ncha ya kuni iliyo nje ya moto. Ikitoa povu na kuchemka kwa mlio wa nyoka, hapo ndipo maji yanapovuja. Mti uliokatwa jana unaweza kuwa nusu maji kwa uzito. Mzigo wa kilo 10 wa kuni hizo, uliobebwa kichwani toka porini, unaweza kuwa na lita 5 za maji ndani yake. Mama amebeba kuni na ndoo kwa pamoja. Moto lazima uyalipie maji hayo kabla haujaipa sufuria chochote, na bei ni kali: kuigeuza lita 1 inayochemka iwe mvuke yote kunataka joto karibu mara 7 ya lile lililoifikisha kuchemka kutoka mtungini. Kinachobaki ni moshi, na moshi huo huingia vifuani mwa mama na mtoto aliye mgongoni.

Kwa hiyo kuni za masika hukatwa kiangazi. Wakati wa kupogolea mikorosho, matawi yapasuliwe, yapangwe juu ya vigogo yasiguse ardhi, upepo upite, juu yafunikwe. Za kutumia wiki hii zikae uchagani, juu ya meko. Gonga mbili pamoja: zilizokauka hulia kwa sauti kali, mbichi hutoa kishindo cha muhogo.

Kuna jambo moja sitalisema taratibu. Jiko likilowa, watu huchukua jiko la mkaa wakaliingiza chumbani, wakafunga mlango kwa sababu ya baridi na mvua. Msifanye hivyo. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala hapati hata nafasi ya kukohoa. Pikieni upenuni penye hewa. Laleni na njaa, ikibidi.

Mtaniuliza kwa nini nahangaika na nyasi wakati gesi iko Kilwa. Swali hilo linaniuma. Gesi hiyo ya Kilwa, ya Songo Songo, iligunduliwa mwaka 1974, na tangu 2004 inasafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam. Bomba jingine, la kutoka Mtwara, lililozinduliwa 2015, linapita mkoani kwetu Lindi. Lakini mtungi unaouzwa dukani una gesi nyingine, inayokuja kwa meli toka nje. Mkakati wa Taifa uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, na mimi nautaka utimie kuliko waliouandika. Lakini mwanzoni mwa Mei hiyohiyo kimbunga Hidaya kilipita pwani yetu, barabara ya Dar es Salaam ikakatika Somanga, na lori la mitungi linapita barabara hiyohiyo. Anayepikia gesi naye aezeke jiko lake.

Ikiwa mmechelewa, mvua imeshaingia na mafiga yanaelea, msimwagie moto mafuta ya taa na msichome plastiki. Ombeni moto kwa jirani. Mtumeni mtoto mkubwa, si mdogo, na msimpe kigae kitupu kama zamani. Mpeni chungu chenye majivu chini, kaa liwekwe katikati, majivu tena juu, na kifuniko. Mwambieni aamkue kwanza ndipo aseme shida yake, na njiani asikimbie.