Faiba Ipite Juu, Jamani

Msyuu! Nasonya, ndiyo. Kila kijiwe cha bodaboda, Nachingwea mpaka Ruangwa, ubishi ni uleule: faiba, huu waya wa intaneti, ikitundikwa kwenye nguzo za umeme si itatupiga shoti? Mwingine anadakia: bora ifukiwe chini, huko ndiko salama. Salama? Nani kawaambia?

Mei 2024 tulionyeshwa. Kimbunga Hidaya kilileta mvua, barabara ya Dar es Salaam kuja Lindi ikakatika pale Somanga, mabasi na malori yakalala njiani. Waya uliofukiwa kando ya barabara ya namna hiyo unaondoka pamoja na tuta. Mvua ikiuacha, kijiko kitauchimbua, maana barabara zetu ndiyo kwanza zinawekwa lami na dereva haoni kilicho chini ya udongo.

Nguzo, kwa upande wake, zimeshasimama. REA, wakala wa nishati vijijini, imezifikisha hadi huku, laini za kilovolti 33 zinakatiza katikati ya mikorosho. Na upo waya wa faiba uliotengenezwa kwa kazi hiyohiyo, unaojibeba wenyewe toka nguzo hadi nguzo. Ndani ni nyuzi za kioo. Zimezungushiwa aramidi, uzi uleule wa fulana za kuzuia risasi, kisha gamba nene la plastiki. Chuma hamna, shaba hamna. Haupitishi umeme, ndiyo maana mafundi waliofunzwa wanaweza kuutundika chini ya nyaya za umeme bila hata kuzima laini. Penye msongo mkubwa sana, vumbi na unyevu juu ya gamba huzaa cheche zinazolila taratibu. Kwenye kilovolti 33 hatari hiyo ni ndogo mno.

Halafu kuna anayesema intaneti ni ya watoto wa mjini. Ah! Korosho ya RUNALI, chama chetu kikuu cha ushirika, inanadiwa wapi siku hizi? Tangu msimu wa 2024/25 mnada uko kwenye mfumo wa soko la bidhaa, TMX, kwa kompyuta. Mtandao ukilala, anayesubiri hela ni mkulima wa Liwale, Ruangwa na Nachingwea. Kweli, siku chache baada ya Hidaya mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu na nchi nzima ikayumba. Hilo nguzo zetu haziliponyi. Lakini yanayokatika huku bara tunayaweza.

Tunayaweza, tukiacha mambo yetu. Mtu anafyeka shamba, anawasha moto, moto unapanda nguzo, yeye yuko kivulini. Fuso limepakia magunia mpaka angani, linapita pale waya ulipolegea, linaukwanyua. Na yule anayeukata usiku akitafuta shaba, namwambia wazi: hutapata hata kilo moja ya kuuza, umewazimia simu zahanati na shule tu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mafundi wakija msiwafukuze. Wabaneni wainue waya panapokatiza barabara, wasiukunje kwenye kona, maana kioo kikikunjwa mwanga unavuja na mawasiliano yanakufa. Nanyi kabla ya kuchoma shamba, palilieni kuzunguka kila nguzo. Ukiuona waya umening'inia, usiuguse, huwezi kujua kwa macho upi wa umeme na upi wa faiba: mpigie mwenyekiti wa kijiji siku hiyohiyo.