Kigari cha Gofu Kikitakiwa Kukimbia Ruangwa

Kigari cha gofu cha umeme kilibuniwa kubeba watu wawili na mfuko wa fimbo juu ya nyasi zilizofyekwa vizuri, kwa mwendo wa kilomita 20 hadi 24 kwa saa. Chini ya kiti chake, katika vigari vingi vya zamani, hukaa betri sita za risasi na asidi, kila moja ya volti 6, zikiungana kutoa volti 36. Betri hizo peke yake zina uzito wa kilo 170 hivi, yaani magunia mawili ya korosho yamekwishapakiwa kabla abiria wa kwanza hajakaa. Kikifikishwa Nachingwea au Ruangwa, nchini Tanzania, baada ya kuzeekea kwingine, kigari hiki hukuta vumbi, mchanga na vilima, tena mahali ambapo mpira unaojulikana ni ule wa miguu, wa timu ya Namungo na Uwanja wa Majaliwa. Haupiti muda mrefu kabla mwenye kigari hajachoka kupitwa na baiskeli, na hapo fundi wa bajaji huitwa.

Fundi huyo, kwa mazoea ya kazi yake, huanza kwa kutafuta kabureta. Haipo. Plagi haipo, silensa haipo, hata tangi halipo. Watazamaji, ambao hawajawahi kukosekana penye gari bovu, huuliza kinakula lita ngapi, na wakijibiwa kwamba hakili mafuta kabisa, huitana.

Kigari kikuukuu mara nyingi hakihitaji kuongezewa mwendo bali kurudishiwa ule kilioupoteza. Kazi hiyo huanzia kwenye betri. Umeme hupita katika betri zote sita kwa mfuatano, hivyo moja iliyochoka huzifunga miguu zile tano. Kizibo kikifunguliwa na tochi ya simu ikamulikwa ndani, sahani za risasi zinatakiwa ziwe zimezama. Katika kigari kilichotelekezwa huonekana zimechomoza juu ya maji, kavu na zenye ukungu mweupe. Kinachoongezwa hapo ni maji safi ya betri yasiyo na chumvi wala asidi. Maji ya kisima, hata yawe matamu kiasi gani kwa mnywaji, yana madini yatakayoiua betri polepole. Betri iliyojaa na kupumzika ikipimwa kwa mita husoma volti 6.3 au zaidi kidogo. Kipimo cha haki zaidi hufanyika kigari kikipanda mlima: ile inayoporomoka peke yake, huku wenzake wakistahimili, ndiyo ya kubadilishwa.

Vichwa vya betri navyo huota unga wa kijani na mweupe unaozuia umeme. Unga huo huoshwa kwa maji yenye magadi, ukasuguliwa kwa mswaki wa zamani. Wapo wanaomwagia soda ya chupa. Soda husafisha, hilo halina ubishi, ila huacha sukari nyuma, na sisimizi hawajawahi kuogopa volti 36.

Nyaya hutaka uangalifu uleule. Mota ikipandisha mlima yaweza kuvuta amperi 200 na zaidi, mzigo ambao waya wa kufungia taa za nyumbani haukuumbiwa. Hata hivyo waya huo ndio upatikanao karibu, na plastiki yake huanza kunuka kabla kigari hakijafika katikati ya kilima.

Chaja ndiyo yenye visa vingi. Kigari kilichotumika Marekani huja na chaja ya volti 120 hivi, na cha Japani huja na ya 100, ilhali umeme wa Tanzania ni volti 230. Chaja hiyo ikichomekwa ukutani bila transfoma ya kushusha, ndiyo mara pekee ambapo kigari cha umeme hutoa moshi kama magari mengine.

Magurudumu hayana mengi. Yajazwe upepo, kisha kigari kipigwe jeki na kila tairi izungushwe kwa mkono. Inayogoma ina breki inayobana au beringi iliyokufa. Vigari vingi hupata nafuu hapa, na mwenye busara angelipa fundi na kuachia hapo.

Wasioachia hapo huingia katika kugeuza mtambo, na kwa hilo Nachingwea ina historia. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuvunjwa 1951, ulitumia vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta na kuitwa Shervick, kwa sababu baada ya vita matrekta ya kawaida yalikuwa haba. Nachingwea ilikuwa mojawapo ya maeneo ya mradi huo, uliomeza takribani pauni milioni 36 bila karanga za kutosha kuzilipia. Kigari cha gofu humaliza fedha kidogo zaidi, ingawa kwa njia zinazofanana.

Njia rahisi ni matairi makubwa. Tairi la kipenyo cha inchi 18 likibadilishwa kwa la inchi 22, kila mzunguko husogeza kigari kwa zaidi ya humusi moja, na kilomita 20 kwa saa zikawa 24. Nguvu ya kupanda hupungua kwa uwiano huohuo. Matokeo yake ni chombo kinachokwenda 24 kwenye tambarare, na kilimani kinakwenda kwa mwendo wa abiria wanaokisukuma.

Njia ya pili ni kuongeza volti. Kutoka 36 kwenda 48, mota huzunguka karibu theluthi zaidi na mwendo hukaribia kilomita 27. Inapasa kubadilisha pia kontrola, solenoidi na chaja, gharama ambayo hukwepwa kwa kuunganisha betri moja ya bajaji ya volti 12 mwishoni mwa zile sita. Hesabu ya volti hutimia. Betri ya bajaji, iliyo ndogo mara kadhaa kuliko jirani zake, hulazimishwa kupitisha amperi zilezile, na kwa kawaida haimalizi wiki.

Betri za lithiamu zingetatua mengi: hupunguza zaidi ya kilo 100 na hazilegei mapema. Ruangwa ina madini ya kinywe, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya upande hasi wa betri hizo, lakini betri zenyewe hutengenezwa mbali. Mwenye kigari anaweza kuwa ameegesha juu ya malighafi yake na bado akangoja meli kutoka China. Hata akizipata, mwendo ulioongezwa hula chaji, na barabara ya Nachingwea kwenda Ruangwa ina karibu kilomita 50.

Kusimama kumesahaulika hadi hapa, kama kawaida. Vigari vingi vina breki za nyuma tu. Mwendo ukipanda kutoka 20 hadi 27, breki hubeba kazi iliyozidi kwa asilimia 80 hivi. Kwenye mteremko mrefu mota yenyewe yaweza kuzungushwa kupita kiasi hadi nyaya zake za ndani zikafyatuka.

Tena chombo hiki hakina mlio. Mbuzi aliyelala barabarani humkimbia bodaboda kwa kumsikia, lakini kigari hiki humjia kimya, kwa hiyo honi ni lazima. Honi ya bajaji hutaka volti 12, na kishawishi ni kuzichukua kwenye betri mbili kati ya sita. Mbili hizo huchoka mapema kuliko nyingine, na hatimaye kigari hurudi kupitwa na baiskeli, safari hii kikipiga honi. Badala yake hufungwa kifaa cha kushusha volti kinachochota kwenye betri zote sita kwa pamoja. Bei yake ni ndogo kuliko ya betri moja.