Tantine Anajibu: Chai ya Asubuhi, Saa ya Nani?

*Tantine, nauza saruji barabara ya Lumumba. Nilialika watu wawili tunywe chai tupatane bei: muuzaji wa Kigoma na mwenye mtaji wa Kinshasa. Wote niliwaambia saa moja asubuhi. Wa Kigoma nilimkuta nje ya mgahawa, kakaa na mlinzi, kanuna. Wa Kinshasa alikuja mandazi yamekwisha. Nani kati yao hana adabu? — Mwenye Saruji*

Mwanangu, wote wawili wana adabu. Kila mmoja alifika saa moja kamili, ila ya kwao. Saa ya Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja, ya Kigoma iko mbele kwa saa moja, na sisi wa Kalemie tumelala katikati kama mtoto wa wazazi waliogombana. Mgeni wa Kigoma alishuka bandarini bila kugusa saa ya mkononi, kwa hiyo alikufikia saa kumi na mbili yako, mpishi bado anapuliza makaa. Mwenye mtaji, na saa yake ya dhahabu, akaingia saa mbili yako. Muuzaji kamngoja mwenye mtaji saa mbili nzima kwa tumbo tupu, halafu unashangaa mfuko umepanda bei? Siku nyingine sema "saa moja ya Kalemie", na jioni ya kabla yake umtume kijana hotelini akahakikishe.

*Tantine, mimi ni afisa wa mikopo. Niliwaandalia chai kina mama wauza ndagala: viti ishirini, vitambaa vyeupe, omeleti. Hakuja hata mmoja. Hawataki mikopo? — Omeleti Baridi, Lukuga*

Wanaitaka sana. Asubuhi ileile walikuwa ufukweni wakiitafuta pesa, wewe ukikunja vitambaa. Kosa lako ni kutazama kalenda ya ukutani usitazame mwezi. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa, na taa haiwavuti vizuri mbalamwezi ikiwaka. Basi siku za giza mitumbwi inarudi alfajiri, na mama yuko mchangani, kitenge kakikaza kiunoni, beseni mkononi, anapatana bei na mvuvi ambaye hajalala. Akishanunua ana kazi ya kuwatandaza, maana jua la leo likimpita, kesho mali yake inanuka mtaa mzima. Mtu huyo umwambie aache yote aje kula yai kwa uma?

Mwezi ukishakuwa mpevu wavuvi wanapumzika na kushona nyavu. Hapo ndipo mama anapokuwa na asubuhi yake. Alika siku hizo, na mezani weka uji wa moto, kandolo na karanga. Omeleti ni chakula cha semina: mtu wa hapa akiiona tu, macho yanaanza kutafuta bahasha ya usafiri. Mashirika yametuzoeza hivyo, na wewe huna bahasha, una riba.

Tena ukisikia ziwa limefungwa kwa wavuvi, kama Tanzania walivyofunga upande wao kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024, usishangilie kwamba sasa wateja wana nafasi. Nafasi watakuwa nayo. Rejesho ndilo hutaliona.

*Tantine, niliita wanne wakaja tisa. — Aliyelipa, Kataki*

Pole, lakini ulitegemea nini? Mkubwa hatembei peke yake. Ana dereva, ana mpwa, ana yule wa kumshikia simu. Agiza chai ya watu kumi ulale usingizi.

Mimi kinachonitia wasiwasi ni malipo. Kabla hujatoka nyumbani zitoe dola zako, uzikague kwenye mwanga. Mhudumu wa mjini kwetu anaishika noti kwa ncha mbili, anaivuta, anaigeuza, anapitisha kucha ukingoni taratibu. Akigusa mpasuko, hata wa kutafutwa kwa miwani, anairudisha mezani bila kusema neno, mbele ya mtu uliyetoka kumwambia kwamba kampuni yako iko imara. Beba na faranga za kutosha. Ndiyo, najua, mfuko utavimba.

*Tantine, mgeni wangu alikula nusu saa nzima akinisimulia harusi ya binti yake. Ningemkatiza wakati gani ili tuanze kazi? — Mwenye Haraka*

Kazi ilikuwa imeanza, patron, wewe ndiye hukusikia. Mtu amekutajia maturubai, mbuzi, bia na vitenge vya ukoo mzima. Amekufungulia daftari la madeni yake bila wewe kuuliza. Mwenye madeni hayo anataka pesa taslimu wiki hii. Ungemmiminia kikombe cha pili, ukamwambia una taslimu, angekupunguzia bei kabla sukari haijayeyuka. Wewe ulikuwa unatazama saa.

*Tantine, nina projekta, ila naogopa umeme utakatika katikati ya mkutano. Nifanyeje? — Msomi*

Iache nyumbani. Chapa hesabu zako kwenye karatasi moja, uishike mwenyewe mpaka vyombo viondolewe. Ukiigawa mapema watafungia mandazi ya kuwapelekea watoto.