Shetani Hadai Kodi ya Nyumba

Anayefungua Dead Witch Walking, kitabu cha Kim Harrison cha mwaka 2004, akitarajia kutetemeka, atangoja sana. Rachel Morgan, mchawi wa hadithi hiyo, anaishi Cincinnati, Marekani, katika dunia ambayo wachawi na vampaya walijitokeza hadharani baada ya nyanya zilizochezewa vinasaba kueneza ugonjwa ulioua sehemu kubwa ya wanadamu. Tangu hapo binadamu wa mji ule hupanga foleni moja na vampaya bila wasiwasi, lakini wakiona nyanya wanakimbia. Piza inaliwa bila nyanya. Huo ni mzaha, naam, ila ndani yake mna hoja ninayotaka kuitetea: katika hadithi za namna hii jitu la kutisha halimsumbui mtu kwa muda mrefu. Kinachomsumbua ni jiko, deni, nyumba na anayekaa naye humo, na mwandishi anayelielewa hilo ndiye anayetufanya tumwamini shetani wake.

Tazama masaibu ya Rachel yanavyoanza. Hayaanzi na pepo, yanaanza na barua ya kuacha kazi. Ni askari wa idara inayowakamata viumbe wenzake wakivunja sheria; amechoshwa na bosi, anaondoka, na rafiki yake Ivy, ambaye ni vampaya na ndiye mfanyakazi hodari kuliko wote pale, anaondoka naye. Bosi angeweza kumsamehe Rachel. Kumpoteza Ivy hakusameheki, basi Rachel anatafutiwa wauaji na vyombo vyake vinapigwa laana. Na laana ile haiondolewi kwa upanga wa fedha wala kwa sala ya kilatini. Inaondolewa kwa maji ya chumvi. Yaani shujaa wetu, anayewindwa mji mzima, ana kazi ya kufua. Wanahamia kanisa kuukuu lenye makaburi yake, pamoja na Jenks, kijitu chenye mabawa kinachotosha kiganjani na ambacho kimekuja na mke na watoto lukuki. Jikoni mna majiko mawili, moja la umeme na moja la gesi, kwa sababu hakuna mwenye akili anayechemsha dawa ya uchawi mahali anapokaangia mayai. Ukurasa huo wa majiko, kwa maoni yangu, unamthibitisha Rachel kuwa mchawi kuliko mapambano yake yote. Mapambano kila mtu anaweza kuyabuni, lakini ni nani mwingine angewaza suala la sufuria?

Shetani mwenyewe akifika, anafika kama mkopeshaji. Jina lake Algaliarept. Amepewa kazi ya kumuua Rachel, anashindwa kuimaliza, na mwisho Rachel anayevuja damu anahitaji msaada wake ili asife. Anasaidiwa, kisha anabaki na alama mkononi: anadaiwa. Kuanzia hapo mfululizo mzima wa vitabu unasukumwa na hesabu ya nani anamdai nani, na kwa masharti gani, na je, sharti lile lilitamkwa sawasawa. Pwani hatuhitaji kufundishwa jambo hili, kwa kuwa majini wa ngano zetu nao hawatoi kitu bure, na matatizo huwa kwenye mkataba kuliko kwenye pembe. Kwa hiyo kumwogopa Algaliarept ni jambo la busara, lakini ni woga uleule wa mtu aliyetia saini bila kusoma.

Atatokea mpenzi wa vitisho wa kale aseme hii ni kumdhalilisha vampaya, kwamba zamani alikuwa na heshima zake, hakuwa akigawana kodi ya nyumba na mtu. Asome tena Dracula ya Bram Stoker, ya mwaka 1897. Jonathan Harker anakwenda Transylvania kufanya nini? Kukamilisha ununuzi wa nyumba. Ni mwanasheria wa mauziano, na Dracula ni mteja wake. Kisha mheshimiwa anasafirisha masanduku 50 ya udongo kwenda Uingereza, na wanaomwinda wanamfuatilia kwa kuwahoji wachukuzi na kukagua karatasi za mizigo. Vampaya maarufu kuliko wote duniani alikaribia kuponzwa na risiti. Harrison hakumshusha yeyote hadhi. Alirudi tu kwenye asili.

Nasi tuna ushahidi wetu. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alikusanya masimulizi ya wakati wa ukoloni kuhusu wanyonya damu wa Afrika Mashariki, wale waliotajwa Nairobi na Kampala. Hawakuwa na majoho wala majumba milimani. Walikuwa wazimamoto, wenye sare, zamu na gari. Watu waliobuni hofu ile waliujua mji: anayekunyonya damu mjini lazima awe na ajira.

Pingamizi zito ni jingine. Mtu ataniambia Wamarekani wacheke watakavyo, sisi tunatoka mahali ambapo vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, huko Usukumani hasa, na wengine kosa lao lilikuwa macho mekundu. Sina ubishi na uzito wa neno hilo, wala silifanyii mzaha. Lakini macho yale yaliiva kwa moshi wa jikoni, kwa miaka ya kupuliza moto. Hapo jambo la kila siku ndilo lililogeuzwa jitu, na watu wakaua. Harrison anakwenda njia ya kinyume, anamchukua anayeitwa jitu na kumrudisha jikoni, na huko anatukuta sote tukisugua. Ndiyo maana kicheko chake hakinikeri. Kingenikera kama angemcheka bibi wa watu mwenye macho mekundu. Anamcheka mwenye nguvu ambaye bado hana nauli.

Kasoro zipo. Kadiri vitabu vinavyosonga, ndivyo dunia inavyohitaji kuokolewa mara kwa mara, na dunia ikiokolewa mno inachosha. Pale ambapo Harrison anakumbuka masaibu madogo, anapumua upya: katika Pale Demon, cha mwaka 2011, Rachel anasafiri kwa gari kutoka Cincinnati hadi San Francisco, kwa mkutano wa wachawi wanaomhukumu, akiwa na Ivy, Jenks na tajiri Trent Kalamack, mtu aliyewahi kumfungia kizimbani Rachel akiwa amegeuka mnyama mdogo. Shetani mkali yuko njiani, sawa, lakini abiria wenyewe wanatosha.

Mwaka 2014 mfululizo ulifungwa kwa kitabu cha 13. Harrison alipourudia mwaka 2020, alikuwa na uhuru wa kumpa Rachel balaa lolote alitakalo. Akampa kanisa lililobomoka na ukarabati usiokwisha. Mashetani alikwisha kuwazoea. Mafundi ndio bado.