Magugu ya Kununua

Kwetu nyanda za juu hakuna mkulima asiyeulaani ule mmea wa majani matatu na maua ya rangi ya waridi. Ukiupiga jembe umeusaidia. Kule chini una kitunguu, na kitunguu kimezungukwa na vitoto tele, nalo jembe linavitawanya hadi mpakani kwa jirani. Wataalamu wanauita Oxalis latifolia, mgeni kutoka Meksiko na nchi za kusini yake. Mama yangu anauita jina ambalo mhariri hatalichapisha.

Sasa mke wangu amenunua binamu yake. Kwa pesa! Huyu ni Oxalis triangularis, mzaliwa wa Amerika Kusini, majani ya zambarau yenye pembe tatu. Muuzaji wa kando ya barabara alituona tukishuka garini, bei ikapanda. "Mkubwa, hii ni ya chungu, haisumbui." Nilipouliza kama ina vitunguu chini, akaanza kutuonyesha mawaridi.

Haisumbui! Jua kali linambabua. Kivuli kizito kinamrefusha akawa mwembamba. Maji yakituama, vitunguu vinaoza, kwa hiyo chungu kitobolewe na udongo utiwe mchanga. Jua likizama anakunja majani, amelala. Wageni wetu nao huja usiku, na kila mmoja lazima aulize: "Baba Wanja, maua haya hamyapi maji?" Kuna wakati majani yote yanakauka, nasi tunaambiwa tusimtupe wala tusimwagilie, amepumzika, atachipua tena. Ningepumzika hivyo mimi, sijui kama sahani yangu ingebaki mezani.

Lakini jirani ndiye aliyezidisha. Anajenga bustani ya mawe. Amenunua lori zima la mawe, yaleyale ambayo marehemu baba aliumiza mgongo akiyang'oa shambani ili tupate pa kupanda viazi. Anaisubiri Oxalis adenophylla, ya milima ya Andes huko Chile na Argentina, inayopenda kokoto na baridi. Wakati akiisubiri, katikati ya mawe imejiotea ile ndogo inayotambaa, ya maua ya njano. Tumba zake zikikomaa, ziguse tu, zinafyatua mbegu huku na huko, na hasa huku kwangu. Jirani anasema imeipa bustani sura ya asili. Mimi nang'oa.

Mwezi uliopita mama alikuja kututembelea. Akakiinamia kile chungu cha sebuleni, akachuma jani, akalionja kwa ncha ya ulimi. Uchachu uleule.

"Huyu namjua," akasema. "Nani amewaletea?"

Mke wangu akakumbuka chai iliyokuwa jikoni.

"Tumenunua, mama."

"Pesa ngapi?"

Nikamtajia nusu ya bei. Hata hivyo alitafuta kiti.