Sifa za Mgagani, Mboga Isiyoomba Kazi

Mkoa wa Simiyu tangu umegwe kutoka Shinyanga mwaka 2012 unajulikana kwa pamba. Pamba ina Bodi yake, ina vyama vya msingi, ina bei elekezi, na kila msimu haikosi kiongozi wa kuizungumzia jukwaani. Mgagani una jembe la palizi tu. Kwa kuwa sijaona mwingine mwenye nia ya kuusifu, acha nijitwike mimi.

Kwanza, hauna makuu. Mvua zikianza kunyesha Bariadi, mwezi wa kumi na moja hivi, mkulima bado anahangaika na mbegu ya pamba, mahindi yake hata hayajachomoza vizuri, na ghala limebaki vumbi na panya mmoja aliyekata tamaa. Hapo mgagani umeshafika. Umeota kwenye zizi la zamani, kando ya jalala, nyuma ya choo na, kwa heshima ya pekee, katikati ya tuta la kabichi. Haukuomba mbolea ya ruzuku, wala haukumsubiri bwana shamba na pikipiki yake. Baada ya wiki tatu nne mama mwenye nyumba anainama, anaminya ncha changa kwa ukucha wa kidole gumba kabla maua hayajatoka, na ugali umepata mwenzake. Kesho kutwa mmea uleule umetoa matawi mapya pale ulipokatwa, kana kwamba umepandishwa cheo.

Wabaya wake husema unanuka na unanata. Ni kweli, ukiuchuma vidole vinabaki na harufu hadi jioni, na hakuna atakayekuuliza ulikuwa wapi. Husema pia ni mchungu. Hapa ndipo naona hekima yake. Mchuzi wa kuku huisha kabla mgeni wa mwisho hajanawa, na watoto wanagombania shingo. Sufuria ya mgagani haina ugomvi. Watoto wanakuwa wapole ghafla, mgeni anasema ameshiba kwao, na kiporo kikipashwa kesho yake kinakuwa kitamu kuliko jana. Mboga gani nyingine inajilinda yenyewe bila kufuli?

Kule Treviso, Italia, wana mboga yao chungu, chikori yenye majani mekundu. Huing'oa na mizizi yake msimu wa baridi, huisimamisha gizani kwenye maji ya chemchemi, ili majani yapate rangi nzuri na ulaini. Mwaka 1996 Umoja wa Ulaya ukaipa ulinzi wa jina. Uchungu umewekewa sheria! Mgagani wetu hautunzwi gizani. Unachemshwa, maji ya kwanza yaliyogeuka kijani yanamwagwa, kisha unatiwa maziwa au karanga zilizotwangwa, moto mdogo, basi. Mlaji anayelalamika baada ya hapo ana lake jambo.

Nasikia kuna wanaoudharau kwa kuwa ni gugu. Hao waulizeni wakulima wa maua wa Kenya. Watafiti huko waliupanda katikati ya mawaridi, wakachapisha mwaka 2007 kwamba utitiri mwekundu ulipungua. Waridi lenyewe, linalopandishwa ndege kwenda kwa wapenzi wa Ulaya, lilindwe na kitu cha zizini! Sisi tunaupiga jembe.

Nakiri una dosari moja ya utumishi. Sherehe za kitaifa za Nane Nane zilipoletwa Nyakabindi, hapa Simiyu, mwaka 2018, hata ungeandikiwa barua usingefika, maana Agosti ni kiangazi na wenyewe unakuwa umeshakauka ukiwa umesimama.

Kwa asiyeutaka kabisa, njia ya kuukomesha ni moja: aupende. Aandae tuta, atie samadi, achore mistari kwa kamba, asie mbegu alizovuna juzi. Hautaota. Mbegu mpya za mgagani hulala miezi kadhaa kabla ya kukubali kazi, na haziharakishwi na mtu. Wakati yeye anachungulia mistari yake kila asubuhi, maganda yaliyopasuka kule zizini yameshamwaga za kwao, nyeusi na ndogo kama nukta. Hizo hazina haraka. Zitangoja mvua, kisha zihamie kwenye kabichi zake.